Kwa Fundi Aliyelipima Jua

Elimu ya kujua Jua limeumbwa kwa vitu gani ilianzia kwenye kodi ya mashamba. Nimelisema hilo darasani miaka nenda miaka rudi, na kila kidato cha tatu kimenicheka. Kwa hiyo nilipochaguliwa kwenda Ujerumani kwenye mafunzo ya walimu wa fizikia, siku za mapumziko wenzangu wakienda kutazama mpira na kununua viatu, mimi nilikwenda kuwatafuta mashahidi wangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanzoni mwa karne ya 19 serikali ya Bavaria iliamua kupima nchi nzima, shamba kwa shamba, ijue nani anadaiwa kodi kiasi gani. Mipaka haipimwi bila teodolaiti, teodolaiti haina maana bila darubini yake ndogo, na darubini ni kioo. Kioo kizuri kilikuwa cha Waingereza, na vita vya Napoleon vilifanya bidhaa za Uingereza ziadimike bara zima. Mwaka 1804 watu watatu wa Munich, yaani fundi wa vyombo Georg von Reichenbach, mtengeneza saa Joseph Liebherr na Joseph von Utzschneider, mtu wa serikali mwenye mtaji, walifungua karakana ya vyombo vya kupimia. Vyuma walivimudu. Kioo kiliwashinda.

Aliyekuja kuwatoa kwenye shida hiyo nusura afe kabla hajaanza kazi. Katikati ya Munich, karibu na minara ya kanisa la Frauenkirche, kuna kichochoro kiitwacho Thiereckstraße. Watu hukipita wakikimbilia madukani, nami ningekipita pia kama nisingekuwa na ramani mkononi. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya fundi Weichselberger, mtengenezaji wa vioo vya kujitazamia, aliyemchukua mtoto yatima kutoka mji wa Straubing awe mwanagenzi wake. Mtoto huyo, Joseph Fraunhofer, alikuwa wa 11 kuzaliwa kwa baba yake, fundi wa vioo vya madirisha. Bwana wake alimtumikisha bila malipo na hakupenda kumwona na kitabu. Tarehe 21 Julai 1801 nyumba iliporomoka. Mke wa fundi alifariki. Kijana, wakati huo akiwa na miaka 14, alifukuliwa hai baada ya saa kadhaa, na mtawala wa Bavaria, Maximilian Joseph, alikuwa amefika mwenyewe kuona uokoaji. Mtawala alimpa dukati 18. Utzschneider naye alianza kumpelekea vitabu.

Mimi huvutiwa zaidi na matumizi ya zile fedha. Kijana alinunua mashine ya kusugulia vioo, na sehemu nyingine alimlipa bwana wake ili amwachie muda uliobaki wa uanagenzi. Alijinunua mwenyewe, kwa ufupi. Mwaka 1806 aliajiriwa katika karakana ya Utzschneider na wenzake, na mwaka uliofuata akapelekwa shamba, Benediktbeuern, ambako kioo kilikuwa kikipikwa.

Kwenda Benediktbeuern ni kazi ya saa moja hivi kwa treni ya mikoani. Reli inashuka kusini kufuata ziwa la Starnberg, inageuka Tutzing, kisha inaingia kwenye mabonde yenye majani mabichi na ng'ombe wenye kengele shingoni, milima ya Alps ikisogea dirishani kila kituo. Ukishuka, unaona kwanza mlima Benediktenwand, ukuta wa mawe ambao kilele chake kiko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, halafu minara miwili ya monasteri. Getini nilikuta jina nililolizoea: Don Bosco. Wasalesiani ndio wenyeji wa hapo tangu mwaka 1930, watu wale wale wenye shule za ufundi Dodoma na Iringa. Lakini waliojenga mahali hapa karne ya 8 ni Wabenediktini, na mimi niliyekulia Songea siwezi kulisikia neno hilo bila kuikumbuka Peramiho, misheni iliyoanzishwa mwaka 1898 na wamonaki wa St. Ottilien, abasia iliyoko Bavaria hii hii. Nilijikuta nikitembea uani kama mtu aliyewahi kufika.

Wabenediktini wa hapa waliondolewa mwaka 1803, serikali ilipotaifisha monasteri zote. Maofisa waliopekua maktaba yao waligundua hati ya nyimbo za zama za kati, ile ambayo baadaye Carl Orff aliitungia muziki na dunia nzima ikaijua kwa jina la Carmina Burana. Majengo yalibaki matupu, na Utzschneider akayanunua. Alipata kuta, vyumba, maji, na msitu wa kuni usio na mwisho. Kioo kinakula kuni.

Karakana ya kioo ipo hadi leo, jengo la kawaida kabisa pembeni mwa monasteri, na ndani yake tanuri za kale zimehifadhiwa. Hakuna tiketi ya bei mbaya wala foleni. Nilikaa humo peke yangu asubuhi nzima, na hapo ndipo nilipoielewa kazi yenyewe kuliko nilivyoielewa vitabuni. Shida ya kioo cha darubini haikuwa kukiyeyusha. Shida ilikuwa kwamba vitu vizito vilivyomo, hasa risasi inayotiwa kwenye kioo cha flinti, huzama chini ya chungu, na kioo kikipoa kinakuwa na michirizi. Dirishani michirizi haisumbui mtu. Kwenye lenzi inaharibu kila kitu. Mswisi mmoja, Pierre Louis Guinand, alikuwa amepata dawa: kukikoroga kioo kikiwa motoni, kwa mwiko wa udongo wa tanuri usioyeyuka, kama mama anayekoroga uji usishike mabonge. Utzschneider alimleta Guinand Bavaria. Fraunhofer alijifunza kwake, halafu akachukua usukani, akaanza kuandika kila kipimo cha kila chungu.

Ndipo alipokutana na tatizo la rangi. Lenzi moja huipinda nuru ya buluu zaidi ya nyekundu, na picha inazungukwa na pindo za rangi. Ukiunganisha lenzi mbili, ya kioo cha kawaida na ya flinti, kosa la moja linafutwa na kosa la nyingine, ila ni lazima ujue kila kioo kinaipinda kila rangi kwa kiasi gani. Sasa jaribu kupima “kijani”. Kijani kinaanzia wapi na kinaishia wapi? Katika upinde wa rangi hakuna ukuta. Rangi inayeyukia ndani ya jirani yake. Fundi alihitaji alama ambayo haisogei.

Alama ya kwanza aliipata kwenye taa. Katika mwanga wa moto wa mafuta kulikuwa na mstari mmoja mwangavu, wa manjano, unaotokea mahali pale pale kila mara. Akataka kuona kama Jua nalo lina mstari huo. Alifunga chumba giza likaingia, akaacha ufa mwembamba kwenye kibao cha dirisha, akaweka mche wa kioo mbali na ufa ule, umbali wa futi 24, kisha nyuma ya mche akaweka darubini ya teodolaiti, chombo kile kile cha wapima mashamba. Badala ya mstari wa manjano unaong'aa aliona mistari myeusi isiyohesabika imekata rangi zote kutoka nyekundu hadi urujuani.

Mwingereza William Wollaston alikwisha kuona michache mwaka 1802, akadhani ni mipaka ya rangi, akaendelea na mambo mengine. Fraunhofer hakudhani kitu. Alihesabu. Kati ya ile aliyoiita B na ile aliyoiita H alipata mistari 574. Ile mikubwa aliipa herufi kuanzia A, na herufi hizo wanasayansi wanazitumia hadi leo. Alibadilisha ufa, alibadilisha vioo, akabadilisha umbali, mistari haikuondoka. Alielekeza chombo kwenye sayari ya Zuhura, akaona mistari ile ile ya Jua. Alipojaribu nyota ya Sirius, ikawa mingine. Basi mistari ni ya nuru yenyewe inakotoka, si ya chombo. Na pale palipokuwa na mstari wa manjano wa taa, Jua lilikuwa na mistari miwili myeusi iliyokaribiana, D. Aliona kwamba mahali ni pamoja. Aliandika hivyo, akapita.

Wako wanaomlaumu kwa kupita. Kazi ilifanyika mwaka 1814 na ilichapishwa 1817, na jibu la kwa nini D inaangukia pale pale lilingoja zaidi ya miaka 40. Mimi simlaumu, na nikiwa nimesimama mbele ya tanuri lake sikuona njia nyingine. Mwenyewe alisema wazi katika andiko lake kwamba alishughulikia tu yale yanayofaa katika utengenezaji wa vyombo, kwa kuwa hakuwa na muda wa zaidi. Alikuwa na wafanyakazi, oda na vyungu motoni. Mistari kwake ilikuwa vipimo: kuanzia siku ile aliweza kumwambia mtu kwamba kioo hiki kinaipinda D kiasi hiki na F kiasi kile, na lenzi zake zikapita za Waingereza. Hata Michael Faraday, London, alitumia miaka akijaribu kupika kioo cha kushindana na cha Bavaria na hakuridhika na alichopata. Kama fundi yule angeketi kubuni nadharia juu ya mistari ile, nahisi tungepata nadharia mbovu na lenzi za wastani.

Wasomi wa Munich hawakumpokea kwa mikono miwili. Katika Akademia ya Sayansi wapo waliopinga asiingizwe, maana hakusoma chuo kikuu, na mtu anayetunza siri ya kioo chake ni mfanyabiashara, si mwanazuoni. Hoja ya pili ina uzito kidogo. Ya kwanza haina. Mwishowe aliingia. Akaendelea kutengeneza wavu wa nyuzi nyembamba za waya zilizopangwa sambamba, unaotawanya rangi bila mche wa kioo, na kwa wavu huo akapima urefu wa wimbi la D, akapata jibu lililo karibu mno na nanomita 589 za leo. Alifariki kwa kifua kikuu tarehe 7 Juni 1826, akiwa na miaka 39. Kaburi lake liko Munich, makaburi ya zamani ya kusini, ambayo siku hizi ni kama bustani. Akina mama wanasukuma vigari vya watoto kati ya mawe. Maneno ya Kilatini aliyowekewa kaburini yalisema kwamba alizisogeza nyota karibu. Mimi ningeongeza na mashamba.

Heidelberg ni mwendo wa saa tatu hivi kwa treni kutoka Munich. Ni mji mzuri kupita kiasi, umejaa watalii wanaopiga picha magofu ya kasri. Mimi nilipokewa na kijana wa kutoka Momba, mkoani Songwe, anayesomea kemia huko. Alinisalimu shikamoo katikati ya kituo kwa sauti kubwa kiasi kwamba watu waligeuka, akaninyang'anya begi, akasema, “Mwalimu, hapa hutashika mzigo.”

Alinipeleka moja kwa moja barabara ya Hauptstraße, kwenye nyumba ya kale iitwayo Haus zum Riesen. Bamba la ukutani linaeleza kwamba humo, mwaka 1859, Gustav Kirchhoff aliielekeza kwenye Jua na nyota mbinu aliyoianzisha pamoja na Bunsen. Sanamu ya Robert Bunsen mwenyewe iko jirani tu. Huyu ndiye wa kichomeo cha Bunsen, kifaa ambacho kila mwanafunzi wa sayansi kwetu amekichezea. Alikihitaji kwa sababu moto wake hauna rangi yake: ukiutia chumvi, rangi unayoiona ni ya chumvi, si ya moto. Bunsen alikuwa akitambua madini kwa rangi za miali, akitazama kupitia vioo vya rangi. Kirchhoff, mwanafizikia, alimshauri aitazame miali kwa mche wa kioo. Kila elementi ikajitokeza na mistari yake, isiyofanana na ya nyingine. Kwa njia hiyo walipata elementi mpya mbili, siziamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861. Ya kwanza ilipatikana kwenye maji ya chemchemi ya Dürkheim, na iliwabidi wakaushe zaidi ya tani 40 za maji ili wapate chembe za kufanyia kazi.

Lakini jaribio kubwa lilikuwa dogo. Kirchhoff alipitisha nuru ya Jua kwenye mwali uliotiwa chumvi kabla haijafika kwenye mche. Alitegemea manjano angavu ya sodiamu izibe ile mistari myeusi ya D. Nuru ya Jua ilipokuwa hafifu, iliziba kweli. Alipoiachia nuru kali, D ikazidi kuwa nyeusi. Mvuke wa sodiamu ulikuwa unameza rangi ile ile unayoitoa. Kwa hiyo huko juu nako, kati yetu na sehemu ya Jua inayong'aa, kuna mvuke wa sodiamu unaomeza. Taarifa yake ina tarehe ya 20 Oktoba 1859. Mwaka 1835 mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte alikuwa ameandika kwamba binadamu hatapata kamwe njia ya kujua nyota zina kemikali gani. Alifariki mwaka 1857, akakosa jibu kwa miaka miwili tu.

Kirchhoff aliendelea kuchora ramani ya mistari ya Jua hadi macho yakamdhoofu, na sehemu ya kazi ikabidi imaliziwe na mwanafunzi wake. Alipata chuma, kalsiamu, magnesiamu, nikeli. Na ilikuja kujulikana kwamba A na B za Fraunhofer si za Jua kabisa: ni oksijeni ya hewa yetu inayomeza nuru ikishafika mlangoni.

Jioni tulikwenda kwenye viwanja vya majani kando ya mto Neckar, wanafunzi wanapochoma nyama. Kijana alikuwa na jiko dogo la gesi na mishkaki. Mimi nilikuwa na spektroskopu ya mkononi, ya karatasi ngumu, isiyofika bei ya chakula cha mchana. Kabla giza halijaingia tuliielekeza kwenye mawingu meupe, si kwenye Jua lenyewe, maana hiyo ni njia ya kupofuka. Mistari ilikuwapo, myembamba, na D ilionekana vizuri. Kisha nikanyunyiza chumvi kwenye mwali. Mstari wa manjano ukawaka mahali pale pale. Kijana alitazama kwa muda mrefu, akabadilisha jicho.

“Mwalimu, haya ndiyo tunayofanya maabara kila siku,” akasema. “Ni mashine tu imekuwa kubwa. Hata migodini Kanda ya Ziwa, dhahabu si wanaipima hivi hivi?”

Ndivyo. Mashine inayopima dhahabu ndani ya sampuli huivukiza sampuli na kuangalia imemeza nuru kiasi gani, kanuni ya Kirchhoff bila nyongeza. Nikamsimulia hadithi inayopendwa Heidelberg, ya mfanyabiashara wa benki aliyemuuliza Kirchhoff dhahabu ya Juani ina faida gani kama haiwezi kuletwa duniani. Inasemekana Kirchhoff alipotunukiwa tuzo ya dhahabu kwa kazi yake alimpelekea akamwonyesha: hii hapa. Ni hadithi tamu mno, nami huishuku kwa sababu hiyo hiyo.

Tulipofika kwenye heliamu yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Tarehe 18 Agosti 1868 Jua lilipatwa kikamilifu kuanzia Bahari ya Shamu hadi Asia ya kusini-mashariki. Wajerumani na Waaustria waliweka vyombo vyao Aden, bandari ambayo manahodha wa pwani yetu waliijua vizuri kuliko wao. Mfaransa Jules Janssen aliweka vyake Guntur, India. Kwenye ndimi za moto pembezoni mwa Jua lililofunikwa walipata mistari ya hidrojeni na mmoja wa manjano. Janssen aligundua kesho yake kwamba anaweza kuona mistari ya ndimi hizo bila kungoja kupatwa. Tarehe 20 Oktoba Norman Lockyer alifanya hivyo hivyo London, bila kuwa na habari, na barua zao zikafika Akademia ya Paris kwa kikao kimoja. Ule mstari wa manjano haukuwa D. Ulikuwa kando kidogo, na hakuna kitu duniani kilichoutoa. Lockyer alisema ni elementi ya Jua, ikaitwa heliamu, na wengi hawakumwamini hadi mwaka 1895 William Ramsay alipoitoa kwenye jiwe lenye urani.

“Na mwaka 2016 wakatangaza ipo kwetu Rukwa,” kijana akamalizia. “Watafiti wa Oxford na Durham. Inatoka na maji moto.”

Nikamuuliza kwao Momba ni wapi hasa. Akasema Ivuna, kwenye chumvi, ambako watu wamechemsha chumvi kwa karne nyingi.

“Ivuna ya kimondo?”

Akanitazama. Kimondo alichokijua ni kile cha Mbozi, kile kikubwa cha chuma ambacho shule zinapelekwa kukiona. Cha Ivuna kilianguka tarehe 16 Desemba 1938, na uzito wake wote uliookotwa ni gramu 705. Kinavunjika kwa vidole, ndiyo maana hakiwekwi hadharani watu wakishike. Lakini katika maabara za dunia ni maarufu kuliko cha Mbozi, kiasi kwamba kundi lake la vimondo adimu linaitwa kwa jina la Ivuna. Sababu ni hii: ukiacha hidrojeni, heliamu na gesi nyingine zilizotoroka, viwango vya elementi zake vinalingana na vile vinavyosomwa kwenye mistari ya Jua. Chuma kwa silikoni, kalsiamu kwa magnesiamu, sodiamu, vyote. Yule mtu wa benki angeletewa jiwe la Ivuna, na dhahabu yake kidogo ingekuwamo.

“Vyote kabisa?” akauliza, kimaabara.

Kasoro lithiamu. Katika taarifa ile ya mwaka 1859 Kirchhoff alikwisha kuandika kwamba lithiamu haionekani kwenye hewa ya Jua, au ni kidogo sana. Hakuwa na namna ya kujua kwa nini. Jiwe la Ivuna linayo, kwa kiwango kinachozidi cha Jua mara mia na zaidi, kwa hiyo wote wawili walianza nayo. Tofauti ni kwamba Jua hukoroga gesi yake hadi kwenye kina chenye joto linaloivunja lithiamu, na limekuwa likifanya hivyo kwa zaidi ya miaka bilioni nne. Jiwe halikukorogwa.